Ndiva Iliyokuwa Ikipungua

Nianze na kosa langu, maana kila ninayemsimulia habari hii hunitafutia mtu mwingine wa kumlaumu. Mimi ndiye niliyeunganisha kompyuta ya ndiva ya Kwa Kisaka na seva ya Same. Mimi, Zaituni binti Salehe, fundi wa kompyuta, mwenye chumba cha kazi nyuma ya stendi na mdomo usiokubali kushindwa. Kazi yote niliifanya nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Ndiva, kwa asiyetoka kwetu, ni bwawa la wazee, lililojengwa kwa mawe na udongo kwenye bega la mlima. Maji hukusanywa humo usiku, asubuhi lango hufunguliwa yakashuka kwa mfereji mpaka mashambani. Ya Kwa Kisaka iko juu ya kijiji cha Myamba, na maji yake hufika hadi kwenye mashamba ya mpunga upande wa Kihurio. Chini ya ukuta wake kuna nyumba tisa. Ya tatu kutoka mferejini ni ya mama yangu, Stumai, na Desemba ile mwanangu Husna, wa miaka saba, alikuwa kwake likizo.

Watu wa juu na watu wa bondeni walikuwa wamegombana mno kuhusu maji. Wa bondeni walisema wa juu wanayapoteza, mpaka mwaka juzi wakachanga saruji na kuziba njia ya pembeni ambayo maji ya ziada yalikuwa yakimwagikia. Ikabaki njia moja tu ya kutokea, nayo ni lango. Umoja wa wakulima ukaamua mambo yaamuliwe kwa kompyuta. Kila asubuhi mlinzi wa ndiva aandike kiwango cha maji, ofisi ya Same ikione, kisha ofisi ndiyo iseme lango lifungwe au lifunguliwe. Mlinzi, Mzee Eliakimu, alibaki na ufunguo wa kufuli lakini akaondolewa madaraka ya kuutumia. Aliwahi kufungua siku moja bila kuambiwa akasimamishwa kazi mwezi mzima.

Kompyuta ya mlimani haikuweza kuzungumza moja kwa moja na kanzidata ya Same. Ilikuwa kuukuu, ina lugha yake, na mtandao wa kule huja ukaondoka kama paka asiye na mwenyewe. Kwa hiyo nikaweka programu ya kati. Mwenyekiti wa umoja, Mzee Isihaka, aliniuliza hiyo programu ya kati ni kitu gani. Nikamwambia ni mshenga. Bwana harusi haendi mwenyewe kwa baba wa binti. Humtuma mshenga, naye hubeba maneno, akakuta mlango umefungwa husubiri, na yale yaliyosemwa kwa namna ya upande huu huyaweka kwa namna ya upande ule. Akacheka sana, na tangu siku hiyo ofisi nzima ikaiita Mshenga.

Nilimpa Mshenga na akili kidogo ya kujitegemea. Akitumwa kufungua lango wakati maji yako chini ya safu tatu za mawe, akatae, ndiva isije ikakaushwa na mtu mjinga. Nilijisifu kwa hilo mbele ya kikao.

Mlimani sikupanda. Barabara ile naiogopa tangu utotoni, tangu siku gari tulilopanda lilipoteleza, tairi moja likabaki hewani, na mama akawa ananisomea dua sikioni. Nilimtuma Ernest, fundi wa sola, akafunga paneli, kompyuta na antena kwenye kibanda cha mlinzi, ambacho kiko juu ya mwamba kando ya maji. Kisha nikapiga simu tukajaribu. Ukuta wa ndiva una safu kumi na mbili za mawe.

"Mzee, shikamoo. Leo ni ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Ni sita."

"Andika sita."

Akaandika. Kwenye skrini ya ofisi likachorwa pipa la buluu, limejaa nusu, na pembeni namba sita. Watu wakapiga makofi. Nilikunywa soda ya mwenyekiti nikaenda nyumbani nikiwa nimeridhika kabisa.

Siku nne baadaye mvua ikaanza. Ilinyesha Same, ilinyesha milimani, wingu likakalia mlima Shengena kama limelipia pango. Nami sikuwa na habari na ndiva, nina kazi zangu. Jumatano niliongea na mama kwa dakika mbili kabla ya simu kukata. Husna alimnyang'anya bibi yake simu akaniambia, "Mama, ukuta wa ndiva unatoka jasho." Nikacheka. Nikamwambia mwambie bibi aufute kwa kanga.

Ijumaa saa tatu asubuhi Mzee Isihaka alinipigia. Hakusalimia, na yeye si mtu wa kutosalimia.

"Zaituni, njoo ofisini. Kuna mtu anatuibia maji."

Nilimkuta amesimama mbele ya skrini, kofia mkononi. Pipa la buluu lilikuwa limebaki na mstari mwembamba chini. Aliniandikia namba za wiki kwenye karatasi: tano, nne, tatu, mbili. "Mvua siku saba, na ndiva inapungua," alisema. "Jumanne nikatuma wafunge lango kabisa. Mshenga wako akajibu limefungwa. Na bado inapungua. Leo naagiza mgambo wapande, watu wa zile nyumba za chini wajieleze."

Zile nyumba za chini mojawapo ni ya mama yangu, kwa hiyo nilichukia. Nilimwambia kwamba mama yangu si mwizi wa maji. Akasema hajamtaja mama wa mtu. Nikavuta kiti nikaanza kumkagua Mshenga, nikiwa na hakika nitakuta hitilafu, na nikitamani niikute, ili niseme ni mtandao. Sikukuta. Kila ujumbe ulioondoka mlimani ulifika Same vile vile. Namba iliyoandikwa na mlinzi ndiyo iliyokaa kwenye kanzidata. Amri ya Jumanne ilipanda, ikasomwa, ikajibiwa. Katika kazi yangu yote sijawahi kuona rekodi safi kama ile.

Nikiwa bado naitazama, pipa likashuka tena. Namba ikawa moja.

Nilimpigia Mzee Eliakimu. Hapatikani. Nikapiga tena, nikapiga tena. Mara ya tano ikaita, akapokea, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na mvumo ambao mwanzoni nilidhani ni upepo.

"Mzee, hayo maji yanakwenda wapi?"

"Yataenda wapi, mwanangu? Mmesema tufunge, tumefunga. Nimeandika tatu, mmenyamaza. Nimeandika mbili, mmenyamaza. Sasa imebaki moja. Nikasema hao wa mjini wana vipimo vyao, labda wanajua mvua inakatika lini."

"Imebaki moja ya nini?"

"Ya mawe. Safu kavu. Sisi hatuhesabu maji, mwanangu, tangu enzi za babu. Ukiyahesabu unayafukuza. Tunahesabu mawe ambayo bado hayajalowa."

Simu ikakata.

Sijui nieleze vipi jinsi nilivyoogopa. Siku ya majaribio ndiva ilikuwa nusu. Safu sita zilizolowa, safu sita kavu. Namba ile ile ukihesabu kutoka chini au kutoka juu. Tulipiga makofi kwa sababu ndiva ilikuwa nusu. Zingekuwa zimelowa saba, yeye angesema tano, nasi tungegundua siku ile ile. Na tangu hapo kila maji yalipopanda sisi tuliyaona yanashuka, na Jumanne tukawaambia wayafungie ndani.

Nikakumbuka ukuta unatoka jasho.

"Fungua lango," nikamwambia Mzee Isihaka. "Tuma amri ya kufungua, sasa hivi."

"Ndiva imebaki na safu moja unataka niifungue?"

Nilimweleza. Nilimweleza vibaya, maneno yakipandana, lakini yeye ni mkulima, alielewa kabla sijamaliza. Aliweka kofia mezani. Akakaa, akabonyeza alipotakiwa kubonyeza, na kwenye skrini yakatokea maandishi mekundu: Ombi limekataliwa. Maji hayatoshi.

Maneno yale niliyaandika mimi. Hata nukta nilikumbuka nilivyoiweka.

"Mwambie huyo mshenga wako aache upumbavu," alisema Mzee Isihaka kwa sauti ndogo.

Niliingia ndani ya programu kutafuta ile sheria ya safu tatu. Naijua kama ninavyojua jikoni kwangu, lakini asubuhi ile niliipita mara mbili bila kuiona. Nywila niliikosea mara mbili pia, na seva yangu ukikosea mara tatu inakufungia nje robo saa. Hilo nalo nililiweka mimi. Nikatoa mikono kwenye kibodi, nikasema bismillahi, nikaandika herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza. Ikafunguka. Nikaifuta sheria, nikawasha Mshenga upya, Mzee Isihaka akabonyeza tena.

Inasubiri mtandao.

Mshenga alikuwa amefika mlangoni na mlango umefungwa. Ndivyo nilivyomfundisha, asubiri kwa adabu. Nilikuwa nikimpigia mama kwa simu yangu, na Mzee Eliakimu kwa simu ya ofisi, na zote mbili yule dada wa kampuni ananiambia jaribu tena baadaye. Nilimpigia Ernest nikamwambia aje na pikapu yake, aache chochote anachofanya. Mzee Isihaka alipiga kwa kila mtu anayemjua Myamba. Hakupata hata mmoja. Alitoka nje kutazama milima, akarudi, akasema haionekani.

Saa nne na dakika kumi maandishi yakageuka: Imepokelewa.

Mzee Isihaka alishusha pumzi. Mimi sikushusha, maana najua neno lile maana yake. Maana yake kompyuta imepokea. Kompyuta iliyo juu ya meza, kwenye kibanda, labda bila mtu. Mshenga anaweza kukwambia salamu zimefika nyumbani, hawezi kukwambia kama kuna aliyekuwa ndani kuzisikia.

Tukangoja. Sijawahi kungoja kitu namna ile, hata uchungu wa kumzaa Husna haukuwa hivyo, kwa sababu ule nilijua utakwisha. Akilini nilimwona mwanangu amekaa dirishani kwa bibi yake, dirisha linalotazama ukuta. Nilijiambia kama lango limefunguliwa namba itapanda polepole, mbili, halafu saa moja baadaye tatu. Ndiva ile lango likiwa wazi kabisa huchukua kutwa nzima kukauka, hilo hata mimi nililijua, niliwahi kucheza humo. Nikasema nikiona mbili nitafunga saumu Jumatatu na Alhamisi mwezi mzima. Ernest alifika, akasimama mlangoni akidondosha maji.

Saa tano kasorobo pipa likaruka kutoka chini mpaka juu kabisa. Buluu tupu. Namba ikawa kumi na mbili.

"Alhamdulillahi," alisema Mzee Isihaka, na machozi yakamtoka. "Mawe yote makavu. Wamefungua, Zaituni. Maji yameisha."

Kutoka kwenye safu moja mpaka kumi na mbili, kwa nusu saa. Lango haliwezi. Nilimwangalia mpaka na yeye akakumbuka, na furaha ikamtoka usoni huku mdomo wake ukiwa bado wazi.

Tulipita Kisiwani na Maore. Ernest alikuwa akiendesha kwa mwendo ambao siku nyingine ningempigia kelele. Tulipoacha bonde na kuanza kupanda, maji yalikuwa yakishuka barabarani mekundu, yanabeba majani ya migomba, na kila nilipoona jani nilijiuliza limetoka shamba gani. Ule upande wa korongo nilioukimbia miaka yote ulikuwa mkono wangu wa kushoto, tairi zinaserereka kuuelekea, na sikuuogopa hata kidogo. Hofu yangu yote ilikuwa imekwenda mahali pamoja, haikubaki ya kitu kingine.

Tulipofika kona ya tatu Ernest akasema, "Mimi nilimwona akihesabu kutoka juu."

"Nini?"

"Siku ile nafunga sola. Alichungulia akahesabu yale makavu. Nilidhani unajua, dada. Si mama yako ni wa huku huku?"

Nilitaka kumtukana. Mama yangu alizaliwa mita mia mbili kutoka ukuta ule, amechota maji humo tangu ana umri wa Husna, na katika wiki zote nilizokaa natengeneza lile pipa la buluu sikuwahi kumuuliza, mama, nyie mnaipimaje.

Gari lilikwama kabla ya kijiji. Nikashuka nikakimbia, viatu vikabaki kwenye tope, nikaendelea. Watu walikuwa njiani na magodoro kichwani, na kila mmoja nilimuuliza, na kila mmoja alinionyesha juu bila kusimama. Nilipotokeza kwenye kilima niliuona ukuta. Katikati ulikuwa umekatika, pengo pana kama nyumba, na chini yake, palipokuwa na nyumba tisa, kulikuwa na tope linaloshuka mpaka mtoni, na mawe ya ndiva yametawanyika juu yake. Nilihesabu kutoka mferejini. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Palikuwa na mnazi wa mapambo ambao mama aliletewa na baba kutoka Tanga, umelala, na basi. Ukuta mmoja wa jiko. Nilikaa chini.

"Zaituni."

Mama alikuwa nyuma yangu, amejifunga blanketi la mtu. Na kwenye mkono wake Husna, amevaa sweta la kiume linalomfika magotini, anakula muhogo.

Sitaeleza nilichofanya. Husna alilalamika kwamba namuumiza.

Watu wa nyumba zote tisa walikuwa kwenye varanda ya shule, juu, wameketi kwenye madawati. Hakupungua mtu. Mama alinisimulia akiwa bado ananishika bega. Safu ilipobaki moja, Mzee Eliakimu alikaa mbele ya kompyuta akingoja ofisi iseme neno. Ofisi haikusema. Kufungua alikatazwa, na mkewe akamwambia bora ufungue wakufukuze. Akafungua, lakini alikuwa amechelewa, ukuta ulishaanza kutema udongo kwenye viungo. Akaacha lango wazi akateremka mlango kwa mlango. Bibi mmoja aliyekataa kutoka alimbeba mgongoni. Walikuwa hawajamaliza kuketi shuleni waliposikia mlio.

"Halafu yeye akarudi kule," mama alisema. "Tukamwita, hakusikia."

Nilimfuata. Kibanda kilikuwa kimebaki juu ya mwamba wake, paneli ya Ernest iko sawa, kompyuta inawaka. Mzee Eliakimu alikuwa amekaa kwenye kigoda, suruali imejaa tope mpaka kiunoni. Kwenye skrini mbele yake, chini ya namba aliyoiandika, lilikuwepo agizo letu la saa nne na dakika kumi: Fungua lango. Hakuwa amelijibu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakugeuka. "Nimekuta hili nilipokuja kuandika. Mlisema niandike kila maji yakibadilika, nikaandika."

"Tuliiona."

Chini kule watu walikuwa wanachimba kwa majembe kutafuta masufuria yao.

"Wiki nzima niliwaambia," alisema. "Tano. Nne. Tatu. Niliandika vizuri?"

"Uliandika vizuri, mzee. Yote yalifika."

Ndipo akanitazama. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakuwa na hasira, ningeshukuru kama angekuwa nayo.

"Sasa nyie kule," aliuliza, "mlikuwa mnahesabu nini?"

Husna alikuwa amenifuata, ameshika nguo yangu, anamsikiliza.

"Maji," nikasema.